Neno Alilolisubiri Daktari

Wapendwa, kabla sijafika kwenye somo letu nawapa mfano. Na kwa kuwa nawafahamu, naanza kwa kuwakataza: msinitafutie jina la mtu huyu. Najua nikisema "daktari" wengine mmeshaanza kukonyezana, kwamba ni yule wa hospitali fulani, ni yule aliyejenga kule juu karibu na mashamba ya chai. Si yeye. Huyu nimemtunga mwenyewe wiki hii nikiwa napalilia migomba yangu. Mkikutana naye mtaani, hayo ni yenu na yeye.

Alikuwapo daktari mmoja wa upasuaji, katika mji wa baridi na mvua kama huu wetu. Alisomea mbali, na wenzake waliposema hawarudi, yeye alirudi. Akapasua watu wa milima hii maisha yake yote. Aliyeanguka mtini akivuna, aliyegongwa na pikipiki, mama aliyeshindwa kujifungua, mzee aliyeona aibu ya busha lake mpaka likamzuia kutembea, wote walipita mikononi mwake. Na hakuwa daktari wa kukuongelesha huku anatazama simu. Alikuwa anavuta kiti, anakaa, anakuuliza umelima nini mwaka huu. Watu walimpenda mpaka wakawapa watoto wao jina lake. Ndiyo maana nimekataa kulitaja, nisije nikawa nimeita nusu ya kwaya ya vijana.

Nyumbani alikuwa baba kwelikweli. Mke wake alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Jumamosi yule bwana alikuwa anakaa kwenye kigoda uani anamenya ndizi, na mkewe anamcheka, anamwambia, "Menya, usipasue. Hiyo haina utumbo." Mnaona? Nyumba yenye utani wa namna hiyo ni nyumba nzuri. Nataka mlikumbuke hilo, msije mkadhani nawasimulia ndoa mbaya.

Mtoto wao wa kwanza alikuwa binti, jina lake Subilaga. Kwa hiyo, kama tulivyo sisi, baba akaitwa Baba Subilaga na mama akaitwa Mama Subilaga, sokoni, kanisani, hata hospitalini kwa wauguzi wazee.

Asubuhi moja mtoto aliamka na homa. Baba akampima, akampa dawa, akamwambia mkewe, "Nitarudi mchana nimtazame." Hakuwa mzembe. Homa za watoto mnazijua, zinapanda, zinashuka, jioni mtoto anacheza. Akaenda kazini. Huko akakuta mtoto wa watu, ameletwa kutoka bondeni, utumbo umejisokota, na asipopasuliwa saa hiyohiyo anakufa. Akaingia naye chumba cha upasuaji.

Huku nyumbani homa ikapanda, ikaleta degedege. Mama akambeba binti yake, jirani akawasha gari, wakafika hospitali. Mama akapeleka habari ndani. Muuguzi akamwendea daktari, akamnong'oneza. Na mikono ya daktari ilikuwa ndani ya tumbo la yule mtoto mgeni.

Niambieni, ninyi mafundi wa kuhukumu: angefanya nini? Angeitoa mikono? Alisema, "Mwite daktari wa zamu ampokee. Mimi siwezi kutoka." Daktari wa zamu akampokea, akafanya kila alichojua kufanya. Baba alipovua glovu na kutoka, mtoto wa bondeni alikuwa anapumua, na Subilaga alikuwa amefunikwa shuka.

Pale barazani mama wa yule mtoto wa bondeni, asijue lolote, alikuwa amempigia daktari magoti anamshukuru. Mke wake akaliona hilo. Akasema, mbele ya wauguzi, mbele ya wagonjwa wa benchi zima:

"Wa mwenzako umemrudisha kwa mama yake. Wa kwako ulimwachia nani?"

 Daktari alimchukua mtoto akamkumbatia, na wakaenda kuzika.

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, tunasema. Mimi lakini simlaumu yule mama. Mtoto wake alikuwa bado ana joto. Mtu aliye katika hali ile akisema neno, hasemi yeye, kinasema kidonda. Tatizo la neno, wapendwa, ni kwamba aliyelisema hupona, na aliyeambiwa huendelea kulisikia.

Mungu akawapa watoto wengine wawili, Lusajo, kisha Atupele. Na watu, kwa huruma yao, wakaacha kuwaita wale wazazi kwa jina la marehemu. Wakawa Baba Lusajo na Mama Lusajo. Ndivyo tulivyo, jina likiuma tunalitoa mdomoni. Lakini Subilaga alipotoka midomoni mwa watu, mle nyumbani napo hakutajwa tena, na lile neno la barazani nalo likakosa mahali pa kuzungumziwa.

Hawakununiana. Waliendelea kucheka, waliendelea kumenya ndizi. Mama alilifuta lile neno moyoni mwake. Lini? Hata yeye hajui. Alikuwa akimwona mumewe anainuka mezani chakula hakijaisha, anakwenda kwa watoto wa watu, na siku moja akajikagua akakuta hasira haipo. Lakini kwenda kumwambia aliona haya. Angelianzia wapi? Akajisemea, "Anajua tu. Tunalala kitanda kimoja, atakosaje kujua?"

Nawauliza ninyi mlio kwenye ndoa. Mnalala kitanda kimoja. Huyo mwenzako anajua yote yaliyomo humo kifuani? Akina baba, naona leo sakafu imewapendeza sana kuitazama.

Na daktari naye? Tangu siku ile akaanza desturi moja ambayo hakuna aliyemfundisha. Mgonjwa akiwa anasukumwa kwenda kupasuliwa, yeye alikuwa anasimamisha kitanda pale mlangoni na kuwaita ndugu. Anawaambia, "Njooni mseme naye."

Ndugu wanamjibu, "Daktari, tumeshamwombea."

"Sikusema mumwombee. Semeni naye. Nikishamlalisha hatawasikia tena."

Siku moja alikuwapo mzee, mkewe ndiye anayeingia. Mzee wetu wa kawaida, hajawahi kumwambia mkewe neno tamu tangu mahari ipokelewe. Akaambiwa, "Mzee, sema na mama." Akasimama pale anaizungusha kofia mikononi. Akakohoa. Mwisho akasema, "Kuku zako nitazifungia mimi." Basi. Na yule bibi machozi yakamtoka, akatabasamu, akaingia. Daktari alisema hilo lilitosha.

Wauguzi walilalamika kwamba anachelewesha kazi. Aliwasikiliza na hakubadilika. Hakuwahi kuwaambia kwa nini.

Sasa miaka ikaenda. Watoto wakakua, wakapata kazi miji ya mbali. Daktari akastaafu, lakini bado anaitwa mambo yakiwa magumu. Asubuhi moja akiwa ananyoa ndevu alijitazama kwenye kioo, akaona weupe wa macho umekuwa njano. Suruali ilikuwa inamlegea kwa muda, na mgongo ulikuwa unamuuma. Mtu mwingine angesema ni uchovu. Yeye aliosha wembe, akaenda kwa daktari rafiki yake, wa magonjwa ya ndani, aliyefanya kazi naye tangu ujana. Wakapiga picha. Ilikuwa saratani ya kongosho, na ilikuwa imeshatambaa. Ugonjwa ule kwa hatua ile haukuwa tena wa kisu, na alijua kuliko mtu yeyote.

Akamwambia rafiki yake, "Nina ombi moja. Mke wangu asijue. Alishavunjika mara moja, sitaki nimvunje tena. Mwambie ni nyongo, inatibika."

Rafiki akakubali. Siri ya mgonjwa ni siri.

Baada ya siku chache mke naye, peke yake, kitenge kichwani, akafika kwa yule yule rafiki. Akasema, "Shemeji, mimi si mtoto. Nimekaa na daktari maisha yangu yote, najua mtu anayekufa anavyokonda. Niambie kweli."

Yule rafiki akanyamaza. Na mnajua wenyewe, kuna kunyamaza kunakojibu kuliko maneno. Mama akashika meza kidogo, akasimama sawa. "Basi nimeelewa. Nina ombi moja. Yeye asijue kwamba najua. Akijua, atakufa kwa kunihurumia mimi."

Rafiki akakubali tena. Alikuwa mtu mwaminifu. Alikuwa amebeba siri za watu wawili wanaolala kitanda kimoja, na aliona kuzifungua ni usaliti. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini wahenga walimfikiria mgonjwa tu. Sisi watu wa siku hizi tumeendelea, tunaficha pande zote mbili.

Basi pakawa na maigizo katika nyumba ile. Kila asubuhi mume anaamka kabla ya mke ili amalize kuugulia maumivu bafuni. Mke yuko macho, amejifanya amelala. Mchana mume anakaa barazani amefunikwa blanketi, anasimamia watu wanaochimba mashimo ya miparachichi, hii ya kisasa ambayo kila mmoja wenu anaililia. "Shimo lile lifikishe kina," anaagiza. "Mbolea iwe ya kutosha."

Mke anakuja na chai. "Mwaka wa tatu tutakuwa tunavuna," anasema.

"Tutavuna," anasema mume. "Ile ya juu kule tutampa Atupele."

Na wote wawili wanayatazama yale mashimo. Alikuwa anapanda miti asiyoihitaji ili mkewe asihofu, na mke anaisifia miti ile ili mumewe asihofu. Kama huu si upendo, mimi sijui upendo ni nini. Nataka muuone kwanza kwamba ni upendo, tusije tukawakemea bure.

Wageni wakaja, na mikungu ya ndizi, na maneno. "Daktari, leo umenawiri." Amenawiri wapi, mtu ambaye suruali inashikwa na kamba? "Mungu ni mwema, mwezi ujao utakuwa kazini." Kwaya ikaja ikaimba nyimbo za ushindi. Mchungaji wake akaja, akaukemea ugonjwa kwa sauti mpaka mbwa wa jirani wakaanza kubweka, akanywa chai, akapewa ndizi za kwenda nazo, akaondoka. Msinitazame hivyo. Nimesema ni mfano.

Sasa nisikilizeni hapa, hapa ndipo penyewe. Mama yule alikuwa na kitu kimoja tu alichokitaka duniani. Hakuwa anaomba mumewe apone, alishajua haponi. Alitaka kumwambia kwamba lile neno la barazani lilishakufa zamani. Alilibeba kila siku mpaka kitandani kwake. Akikaa karibu naye anafungua mdomo, kisha anafikiri: nikilitaja leo, baada ya kimya chote hiki, atajiuliza kwa nini leo. Atajua namuaga. Anafunga mdomo, anamnyoosha blanketi.

Alasiri moja mvua ilikuwa inanyesha, wametulia ndani wawili tu. Mama alikuwa amemletea uji. Mumewe akasema, "Mama Lusajo, hebu kaa kidogo."

Akakaa.

"Nilikuwa naifikiria siku ile," akasema. "Siku ya Subilaga."

Jina hilo halikuwa limetamkwa mle ndani tangu watoto wale wengine wakiwa hawajajua kusoma.  Mlango ulikuwa wazi, jamani. Alikuwa ameufungua mwenyewe, kwa mkono wake mgonjwa. Kilichobaki ni mama kuingia tu.

Lakini mama aliona nini? Aliona mume wake ameanza kuwawaza wafu. Akaona, nikimwacha aendelee tutalia wote wawili, na nikilia atajua kwamba najua. Akajikaza, mwanamke hodari yule. Akachukua kikombe, akamwekea mkononi.

"Mambo ya zamani ya nini sasa, Baba Lusajo? Kunywa uji, unapoa. Ukipona tutaongea yote."

Mumewe akamtazama. "Haya," akasema. Akanywa uji.

Mama akaenda jikoni, akafungulia bomba la maji ili asisikike, akalia. Alipomaliza alijipongeza kwamba amemlinda mume wake.

Haukupita muda mrefu, daktari akafa. Alifia nyumbani, asubuhi. Watoto wake walikuwa njiani, maana nao walikuwa wamepigiwa simu ile yetu, "Baba anaumwaumwa kidogo, mkipata nafasi mje." Lusajo aliposhuka na mkoba wake akakuta viti vimepangwa uani, akajua. Mara ngapi tumewafanyia hivyo watoto wetu? Mtu anasafiri siku nzima anajua anakwenda kumsalimia baba, kumbe anakwenda kumzika.

Msiba ulikuwa mkubwa. Wilaya nzima ilikuja. Wasifu wa marehemu ulisomwa, alizaliwa hapa, alisoma pale. Wakubwa walizungumza. Mtu mmoja, mkulima wa bondeni, hakuwa kwenye ratiba. Akasimama hivi hivi, akafungua vifungo vya shati mbele ya kanisa, akaonyesha mshono wa zamani tumboni. Akasema, "Mimi ndiye yule mtoto," akashindwa kuendelea, akakaa. Wengi hawakuelewa ni mtoto yupi. Mjane alielewa.

Kisha ukafika wakati wa kuaga mwili. Mnajua tunavyofanya. Jeneza limefunguliwa kioo, watu wanapita kwa mstari, mshereheshaji na kipaza sauti anahimiza. Familia kwanza. Mjane anashikwa na shangazi huku na shangazi kule, wanampitisha haraka kana kwamba atakimbia. Alipofika pale akasimama. Wakamvuta, akakataa kusogea. Akainama juu ya kile kioo, akasema:

"Baba Subilaga."

Wajukuu wakatazamana. Subilaga ni nani?

"Baba Subilaga, lile neno. Nililifuta. Nililifuta zamani, hata mwaka siukumbuki. Hukumwachia mtu yeyote. Ulikuwa huwezi kutoka, nilijua ulikuwa huwezi. Ulinipa maisha yako yote, mimi nikakupa neno moja baya, na sikuliondoa kwako. Nilidhani unajua. Baba Subilaga, unanisikia?"

Mshereheshaji, kwa upole kabisa, akasema kwenye kipaza sauti, "Wapendwa wanafamilia, tunaomba tusogee kidogo, muda hauko upande wetu."

Wakamsogeza.

Yule daktari rafiki alikuwa amesimama upande wa kichwani, alisikia kila neno. Wakaenda kuzika. Baada ya mazishi akaja nyumbani, akavua viatu, akaenda kukaa mkekani miongoni mwa wanawake, mtu mzima yule, na hakuna aliyemzuia. Mjane akamuuliza kwa sauti ya chini.

"Shemeji, alijua kwamba anakufa?"

"Alijua kabla yako."

"Mbona hakuniambia?"

"Aliniomba nisikwambie. Kama wewe ulivyoniomba."

 Kisha mjane akauliza, na afadhali asingeuliza. "Aliwahi kukwambia neno lolote juu ya Subilaga?"

Rafiki akainama. Alikuwa amechoka kuwa mwaminifu. Akasema, "Alikuwa na jambo moja tu, shemeji. Alitaka kusikia kutoka kwako kama umemsamehe. Hakutaka kukulazimisha. Alisema atakufungulia mlango, ukitaka utaingia. Halafu nilimtembelea siku moja, kesho yake baada ya mvua kubwa ile. Nikamuuliza umefikia wapi. Akaniambia, 'Nilijaribu jana. Hakutaka.' Nikamwambia jaribu tena. Akasema, 'Hapana. Ana haki.'"

Mfano wangu umeishia hapo, wapendwa. Sina sehemu nyingine nzuri ya kuwaongezea. Nilitafuta, nikiwa kule migombani, namna ya kumfanya yule mtu asikie kabla hajafa. Sikuipata, maana kila niliyemtuma kwake alikuwa mtu wa kwetu, na kila aliyefika kitandani alimwambia atapona.

Sasa tuseme juu yetu sisi. Nani alifanya ubaya katika nyumba ile? Mtafuteni. Mume? Alimhurumia mke. Mke? Alimhurumia mume. Rafiki? Alitunza siri. Wageni walileta ndizi, kwaya iliimba, shangazi walishika mikono. Hamna mbaya hata mmoja. Na kati ya watu wema hawa wote, mtu aliyewaokoa wengi kutoka mdomo wa kifo alikwenda kaburini akiamini kwamba mke wake hajamsamehe. Hilo linaniumiza, na nataka liwaumize na ninyi. Tumezoea kuogopa maneno mabaya. Nani kati yetu anaogopa ukimya mwema?

Sisi tuna desturi kubwa ya kuaga. Tunakodi maturubai, tunakodi vipaza sauti, tunasimama juani kwa mstari mrefu, tunamuaga mtu ambaye hasikii. Na wiki zote alipokuwa anasikia, tulikuwa tunamwambia amenawiri. Tunaita hiyo kumtia moyo. Ni moyo wa nani tunaoutia? Mara nyingi ni wetu. Tunaogopa kulia mbele ya mgonjwa, basi tunamwimbia wimbo wa ushindi na kumwacha akalie mwenyewe bafuni.

Sisemi mkamwambie mgonjwa "unakufa". Msije mkatoka hapa mkaanza kuwatangazia watu vifo, halafu mkasema ni mchungaji ametutuma. Nasema hivi: mgonjwa akikwambia "kaa kidogo", kaa. Akilitaja jina ambalo nyumba yenu imeacha kulitaja, weka kikombe chini. Uji ukipoa unapashwa moto.

Na wengine wala hamna mgonjwa. Mna mtu mzima kabisa, yuko shambani, yuko mjini, au mmekaa naye benchi moja asubuhi hii mkishirikiana kitabu cha nyimbo. Ulimwambia neno mwaka ule. Wewe ulishalisahau. Ulishalifuta, unamwombea, unampikia. Unasema anajua tu. Nani alimwambia?

Najua kuna mmoja wenu ataniwahi pale mlangoni. Atasema, "Mchungaji, umetuhuzunisha bure. Kwani yule mama si atamkuta mumewe mbinguni, amwambie huko?" Atamkuta. Naamini hivyo kwa moyo wangu wote, na ndilo tumaini la mjane yule na la kila mjane aliyeko humu. Lakini mimi sikutumwa kwenu kuwafundisha kuahirisha.

Simameni tuombe. Nitaomba kwa kifupi leo, maana wengine wenu mna mahali pa kwenda.